Panya Mwenye Adabu

"Umemkosa tena!"

"Amekimbia, shangazi."

"Ulitaka akae akupigie saluti? Mbona kalenda yangu hukuikosa? Umetoboa Februari, watu tutaishije?"

"Ni upepo tu."

"Upepo gani humu ndani?"

"Bunduki ndiyo ya upepo, shangazi."

"Usinichekeshe. Sijaja kucheka."

Jamaa akashusha bunduki, akajikuna kisogo. Mtaani walimwita Risasi Moja, kwa sababu hakuwahi kurudia shabaha. Njiwa waliokuwa wanachafua paa la kiwanda cha mikate, aliwamaliza. Panya wa ghala la unga, wale wenye masharubu kama walinzi, aliwamaliza pia. Sasa hapa, kwenye kaduka ka ushonaji, chumba kimoja na stoo, panya mmoja alikuwa anamtia aibu wiki ya tatu.

Mara ya kwanza alipoitwa walikuwa kundi zima, wanatafuna suruali za wateja bila hata kuchagua kitambaa. Aliwalaza wote siku hiyo hiyo. Shangazi, mwenye duka, akamshukuru vizuri, halafu akamfungulia mlango.

"Kazi imeisha, baba. Hapa si kijiweni. Mwanamume anaingia ana kazi, kazi ikiisha anatoka."

Akatoka. Lakini alishachelewa. Alishamwona fundi, binti wa kaka yake shangazi, ameinama kwenye cherehani, pini mdomoni, anamtazama kwa jicho la pembeni. Jamaa alifika kwao akatia chumvi kwenye chai, akainywa yote, akaomba nyingine.

Kesho yake simu ikalia. Shangazi kaona panya mwingine.

Tuseme ukweli: angempata siku hiyo. Panya mwenyewe alipita juu ya boriti ya stoo, mnene, taratibu, kama bibi harusi. Risasi Moja akalenga sawasawa kichwani, halafu akausogeza mtutu pembeni kidogo. Tap! Ukuta.

"Huyu mjanja," akasema. "Itabidi nirudi."

Na akarudi. Akarudi tena. Anakaa kwenye stuli karibu na mlango wa stoo, bunduki mapajani, anapiga stori na fundi wakimsubiri panya.

"Atatoka saa ngapi leo?"

"Tulia, nikianza kushona atatoka."

Na kweli, cherehani ikinguruma tu, huyo hapo kwenye boriti. Jamaa hakujiuliza. Angejiuliza saa ngapi, wakati macho yake yalikuwa kwenye shingo ya fundi? Bunduki inaangalia juu, yeye anaangalia upande.

Shangazi ndiye alikuwa anajiuliza.

"Panya gani huyu? Kelele haogopi. Tangu wenzake wafe hajatafuna hata uzi. Anakwenda, sijawahi kumwona akirudi. Na mteja akiwepo hatoki, ananitokea mimi tu!"

"Ana adabu," fundi akasema na pini zake mdomoni.

"Adabu nitampa mimi." Shangazi akamgeukia jamaa. "Na wewe sikiliza. Leo ndiyo mwisho. Ukimkosa tena, kesho naleta mtu wa sumu, na sitaki kukuona hapa, hata kwa kupita. Mwanamume anashindwa na panya, ataweza nini duniani?"

Hilo likamchoma. Akapiga hesabu zake haraka haraka. Akikosa, anafukuzwa. Akipata, kazi imeisha, anaondoka vilevile. Ila kuna kuondoka na kuondoka. Siku moja alitaka kutuma wazee waje kuposa kwenye nyumba hii. Sasa hao wazee wasimame mlangoni waseme nini? Tumetumwa na yule aliyeshindwa na panya?

Basi. Leo panya afe.

Akakunja mtutu wa bunduki, akaingiza risasi, akaufunga, akabana kitako begani. Safari hii hakumwangalia fundi.

Fundi akaona. Mguu wake ukasita juu ya kanyagio la cherehani.

"Shangazi, leo panya hatatoka."

"Nani kakwambia?"

"Atakuwa amechoka."

"Wewe ndiye umechoka! Shona, gauni la watu linatakiwa jioni."

"Uzi umekatika."

"Haujakatika, nauona. Shona!"

Fundi akakanyaga mara moja, akaacha. Akamtazama Risasi Moja, akatikisa kichwa kidogo, pole pole, ili shangazi asione. Jamaa moyo ukamlainika. Kumbe ana huruma na wanyama huyu. Akimwoa, hata mende atawaacha waishi.

"Shona!" shangazi akafoka.

Cherehani ikanguruma.

Panya akatokea kwenye boriti, taratibu kuliko siku zote. Akasogea, akasimama, akasogea. Risasi Moja akashika pumzi. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu akamtazama panya peke yake, akavuta.

Tap!

Panya akaanguka mzima mzima juu ya meza ya kukatia, pale mlangoni pa stoo, mbele ya shangazi. Damu hakuna. Tumboni ikamtoka pamba, nyeupe, safi. Mgongoni alikuwa na mshono uliokaa vizuri sana, na puani alikuwa amefungwa uzi mweusi, mwembamba, uliopanda mpaka kwenye boriti, ukapita juu ya mlango, ukashuka ukutani, ukaenda kuishia kwenye gurudumu la cherehani.



Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni. Hakuinua kichwa.

"Siku zote unakosa vizuri tu," akamwambia jamaa. "Leo umelenga kwa nini?"

Shangazi akamtazama huyu, akamtazama yule, akageuka, akatoka yeye, akawaachia duka.