Kiingereza Kile Kile

Siku Damiani alipochukuliwa na Mto Matandu, Njinjo nzima ilijua nani aliyemwingiza majini. Mto ulikuwa umefura. Bwana Mpima, Mzungu wa barabara mpya, alifika kivukoni na kutaka kuvushwa. Gregori, mvushaji, alikataa. Pale kivukoni, mto ukishaanza kubeba miti mizima, mtumbwi hautolewi, hata aje nani.

Bwana Mpima alimwita mwoga. Akamgeukia Damiani, aliyekuwa akimbebea mnyororo wa kupimia, akamwamuru aogelee na kamba kiunoni akaifunge ng'ambo. Damiani alimtazama Gregori, mjomba wake, mara moja tu. Akaingia.

Walipoivuta kamba, ilikuja nyepesi.

Romana, mama yake, alipeleka mashtaka bomani. Majibu yalifika matanga yameshaanuliwa, naye akayapeleka kwa Evaristo, karani wa baraza, amsomee. Evaristo alisoma misheni. Kiingereza cha serikali alikijua sana, na alikidharau kama mtu anavyomdharau shemeji mlevi anayelala nyumbani kwake.

"Mama, wanasema hivi. Mto ulidhaniwa kuwa unavukika. Amri ya kuvuka ilitolewa. Mtu mmoja alichukuliwa na maji. Alitafutwa, hakupatikana. Uchunguzi umefanywa na shauri limefungwa."

"Ulidhaniwa na nani?"

"Haikuandikwa."

"Amri ilitolewa na nani?"

"Haikuandikwa, mama."

"Alitafutwa na nani? Maana mimi nilikuwa pale. Aliyemtafuta ni mimi na ndugu yangu Gregori. Huyo bwana wako alikuwa hemani anakunywa chai."

"Si bwana wangu," alisema Evaristo, akaitupa barua mezani. "Ndivyo walivyotufundisha shuleni. Mpishi akivunja sahani, unaandika sahani ilivunjwa. Mpishi humtaji. Ukimtaja, wanakuona mshamba. Kiingereza kizuri ndicho hicho, mama. Mambo yanajitokea tu, kama ukungu."

"Na mpishi?"

"Mpishi anakwenda zake kulala."

Romana alicheka kicheko kikavu.

"Watu wazima, na kaptula zao! Damiani wangu, hata meno hajamaliza kuota, alinilia asali yangu. Nikamuuliza, akaniambia imeliwa. Nilimchapa."

Akatoka bila kuaga. Evaristo alidhani hatamwona tena pale barazani.

Masika yaliyofuata alirudi. Safari hii alikuja na Gregori, ambaye begani alikuwa na kamba mpya ya katani, nyeupe, ngumu, bado haijalowa. Mto ulikuwa umefura tena, na ngurumo yake ilisikika mpaka barazani.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee Gregori."

"Marahaba, karani. Chukua kalamu. Kuna msiba mtoni."

"Wa nani tena?"

"Bwana Mpima."

Evaristo alitafuta huzuni ndani yake, hakuiona. Alichokiona kilifanana na sikukuu.

"Poleni," alisema, kwa kuwa ndivyo isemwavyo.

"Hatukufuata pole. Tuandikie barua ya bomani. Kwa Kiingereza kile kile."

"Kile kile?"

"Cha mpishi aliyekwenda kulala."

Evaristo alichovya kalamu. Lakini jambo moja lilimtatiza, akamgeukia Gregori.

"Mzee, mto huu wote! Wewe si huwa huvushi mtu ukiwa hivi?"

"Mwaka jana nilikataa, nikaitwa mwoga," alisema Gregori. "Mwaka huu sikatai. Bwana akitaka kuvuka, mimi ni nani?"

Evaristo akaandika. Tangu aajiriwe hakuwahi kuandika barua tamu kama ile. Kila sentensi alipoimaliza aliwasomea kwa Kiswahili. Mto ulidhaniwa kuwa unavukika. Mtumbwi ulitolewa. Katikati ya maji kamba ilionekana kulegea. Mtumbwi ulipinduliwa na mkondo. Bwana Mpima alichukuliwa na maji.

"Kuna mtu humo?" aliuliza Romana.

"Hakuna, mama. Maji tu."

"Angalia vizuri. Ndugu yangu hayumo?"

"Hayumo."

"Na mimi simo?"

"Humo, mama."

"Haya, endelea."

"Alitafutwa," alisema Evaristo huku akiandika.

"Weka alitafutwa sana. Wao hawakuweka sana, lakini sisi tuna adabu."

Evaristo alicheka peke yake. Romana hakucheka. Alikuwa amekaa mgongo wima, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri misa ianze.

"Mwili umepatikana?"

"Andika haukupatikana."

Akaandika. Alipofika mwisho aliipuliza karatasi wino ukauke, akaisoma yote tena kimoyomoyo, akaona hata yule aliyejibu mashtaka ya Romana asingeiandika vizuri zaidi. Wangeipokea bomani, wangeitia faili, wangekunywa chai.

"Imebaki tarehe tu, mama. Alikufa lini?"

Romana alimtazama Gregori. Gregori alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia mvua.

"Tarehe acha wazi," alisema Romana. "Mizigo yake ndiyo kwanza imefika kivukoni. Mwenyewe anavuka kesho."