Nati Moja ya Ziada

Ta-ta-ta-ta. Mjomba alibandika ncha ya bisibisi ndefu kwenye ubavu wa injini, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho. Bisibisi ikateleza; akairudisha, akasikiliza upya.

"Mzee Hesabu, mbona unaisikiliza kama habari ya msiba?" dereva alitania kutoka dirishani mwa lori. "Ni kelele tu. Imeanza juzi."

Mjomba hakucheka. Mpwa wake naye hakucheka. Huyu alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, aliyefundishwa ufundi na mzee huyo tangu hajaota ndevu. Alikuwa amekalia kigoda chao cha chuma, kile cha kuungaunga kwa makorokoro ya gereji, ambacho siku hizi mguu mmoja ulikuwa unacheza. Kila akijitikisa, kiligonga sakafu.

"Tulia, wewe," mjomba akamkemea. "Unanichanganyia sauti."

Lori hilo walilifungua injini wao wenyewe wiki tatu nyuma. Mzee alikuwa na mtindo wake: nati ikitoka, inapangwa kwenye sinia na kuhesabiwa, ikirudi, inahesabiwa tena. "Injini haigawi zawadi," alipenda kujigamba. "Ukibakiwa na nati, ujue kuna mahali umeiba." Miaka thelathini na saba hakubakiwa hata na moja, na wimbo huo aliuimba mpaka mafundi wa jirani wakawa wanamkimbia.

Siku ile valvu alizirekebisha mpwa, haraka haraka, dereva akipiga honi getini. Lakini siku ile bado gereji ilikuwa na raha. Jana yake mzee alikuwa amemjazia mpwa grisi ndani ya viatu, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Tangu lori liondoke, mzee hakuwa yule tena. Chakula alikichokonoa tu. Utani ulimkauka mdomoni. Simu ikiita, alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Na mpwa kila asubuhi alikuja kazini na neno kooni, na kila jioni alirudi nalo nyumbani. Mkewe akimwuliza ana nini, alijibu, "Uchovu."

"Valvu hizo," mjomba alitamka sasa. "Fungua."

Mpwa alifungua kifuniko, jasho likimtoka. Akapima nafasi za valvu, moja baada ya nyingine. Zote sawasawa. Mjomba akamsogeza kando, akaanza kuhesabu nati kwa kidole, midomo ikimchezacheza. Akafika mwisho, akarudia tangu mwanzo.

"Zote zipo," akanong'ona. "Haiwezekani."

Walipofunga na kuwasha, mlio ulikuwa palepale. Ila mpwa aling'amua jambo: kadiri injini ilivyopata moto, mlio ulififia.

"Mjomba, valvu haiponi kwa joto. Hapa moshi unavuja."

Wakaliacha lori lipoe. Walipoliwasha tena, mpwa alimwaga maji ya sabuni pale bomba la moshi linapoungana na injini. Kwenye silinda ya tatu povu likaruka, pu-pu-pu, sambamba na mlio.

"Gasketi ya maungio! Imeungua."

"Kumbe gasketi!" Dereva alipiga makofi. "Nyie watu mmenikalisha roho juu bure!"

Ilikuwa kazi ya saa moja. Ta-ta-ta ikakoma, injini ikanguruma kama paka aliyeshiba. Dereva alishaanza kupanda, mjomba akamshika mkono. Akatoa kwenye mfuko wa shati kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua. Ndani mlikuwa na nati.

"Siku ile ulipotoka getini, nilikuta hii kwenye sinia. Ningeweza kukupigia simu urudi. Sikupiga. Nililihofia jina langu. Wiki tatu umepanda na kushuka milima, na mkeo kiti cha pembeni, na mimi nimekaa nayo hapa." Akajigonga kifuani.

Dereva aliikodolea macho. "Lakini mzee wangu, si umehesabu sasa hivi, mara mbili? Si zote zipo?"

"Ndiyo hilo. Zote zipo, na hii nayo ipo. Basi kichwa changu ndicho kibovu. Sijui nilikosea siku ile au nimekosea leo. Mtu wa namna hiyo asishikishwe roho za watu."

"Mjomba..." mpwa alianza.

"Usinitetee, mwanangu. Nilijua, nikanyamaza. Ubovu wa injini una dawa. Huu wangu hauna."

Mpwa akakitupia jicho kigoda, akainamisha kichwa. Mzee alivua ovaroli, akaikunja taratibu, akaiweka juu ya meza ya kazi. Kisha akamtia mpwa mkononi ile bisibisi ndefu, na juu yake nati.

"Itunze. Siku ukijiona fundi, iangalie."

Akatoka getini asigeuke nyuma. Dereva alipunga mkono kwa aibu, naye akaondoka na lori lake zima.

Mpwa alibaki peke yake. Alikipindua kigoda miguu juu, akaipachika nati kwenye bolti tupu ya ule mguu uliokuwa unacheza, akaikaza kwa vidole vilevile vilivyoifungua wiki tatu nyuma na kuidondosha kwenye sinia, ili mjomba aruke, wacheke, na yale ya viatu yawe yamelipwa.

Akakisimamisha, akakikalia. Hakikucheza tena.