Mgongo wa Mgeni

Waongoza wageni wa kisiwa kile wana desturi yao: kwenye jiwe la mwisho husimama, ili mgeni atangulie kileleni. Kwa miaka ishirini Shazili hakuwahi kukiona kilele bila mgongo wa mtu mbele yake.

Leo mgeni wake, bibi mwenye magoti mabovu, alifika kwenye jiwe akaketi, akamkabidhi mkongojo wake.

"Mimi nimefika, mwanangu. Nenda wewe, uje unieleze."

"Si desturi yetu, bibi."

"Basi leo mgeni ni wewe."

Akapanda. Mbele yake hapakuwa na mtu, ila bahari pande zote.

"Unaona nini?" bibi aliuliza kutoka chini.

Shazili, aliyezoea kutaja kila ghuba kwa jina lake, alivua viatu, akakaa kitako.