Dirisha la Viza ya Masomo

"Ukimaliza masomo utarudi?" aliuliza afisa wa ubalozi aliyeketi nyuma ya kioo.

Wakala aliyemjazia Sikudhani fomu alikuwa amemfundisha kutaja kiwanja na mchumba kama sababu za kurudi, vitu ambavyo hakuwa navyo. Maneno yalimfika ulimini, akayameza.

"Nina baba tu," alisema. "Ameanza kusahau. Juzi aliniuliza mimi ni nani."

"Na bado unataka kumwacha miaka miwili?"

"Nakwenda kusomea ugonjwa huohuo. Hapa kwetu hatuna mtaalamu wake. Kurudi nitarudi. Nisichojua ni kama atanitambua."

Afisa akaivuta pasipoti na kuigonga muhuri.

Nje, baba yake alikuwa ameketi kwenye benchi na jirani yao, Bi Mgeni. Sikudhani alisimama mbele yao, pasipoti mkononi, asijue aanzie wapi.

"Samahani, binti," mzee alimwambia kwa adabu, "hukumwona mwanangu humo ndani? Tunamsubiri."

"Nimemwona, baba. Anakuja."

Mzee alijisogeza akampisha nafasi. Sikudhani akaketi, na wote wawili wakawa wanautazama mlango.