Farasi wa Levo ya Sitini

Kwa wiki tatu Tunu alimzuia farasi yule asifike levo ya sitini. Hakuwa farasi wa nyama na damu. Aliishi ndani ya kompyuta, na mwenye farasi alikuwa mtu wa nchi ya mbali aliyeahidi kumlipa Tunu amchezee gemu akiwa nyumbani, amkuze farasi mpaka ngazi ya sitini, kisha amkabidhi ndipo apate pesa zake.

Tatizo lilikuwa mama. Tangu apooze alikuwa hasemi na mtu, mpaka siku alipomwona farasi kwenye kioo akaita, "Sikitu!" Ndilo jina la punda wao wa zamani. Tangu hapo kila asubuhi alimwita kwa mlio wa ulimi. Tunu alibonyeza kitufe kwa siri, farasi akageuza shingo, mama akacheka.

Leo mwenye farasi aliandika: "Mmalize leo, la sivyo nampa mwingine." Na dawa za mama zilikuwa zimebaki za siku mbili.

Tunu akaanza mbio za mwisho. Karibu na utepe wa kumalizia akaachia vitufe, lakini farasi aliyemfunza miezi minane hakujua tena kusimama. Akashinda. Tarumbeta zikalia, sitini ikawaka, na papo hapo kioo kikawa cheusi, kikidai neno la siri jipya asilolijua; mwenye farasi alikuwa amekwisha kulibadilisha.

"Umemfunga wapi, mwanangu?"

"Amekwenda kunywa maji, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akakiinamia kioo cheusi, akaita kwa ulimi, akangoja. Tunu akabonyeza kitufe.