Nyumba ya Hereni

Marlys alikuwa akikanda unga wa pai simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa binti wa benki.

"Samahani, mama. Kadi ya mumeo imetumika sasa hivi katika mji wa Thunder Bay, kwenye duka linaloitwa Nyumba ya Hereni. Tumeyazuia malipo kwanza. Ni yeye kweli?"

Asubuhi mumewe aliaga kwamba anakwenda ziwani na kaka yake, kuvua samaki kwenye barafu.

Mkono wenye unga ukapanda wenyewe hadi sikioni. Masikio yake hayakuwahi kutobolewa. Aliogopa sindano tangu utotoni, na mumewe alimtania kwa hilo miaka yote ya ndoa. Sasa aliyaona masikio ya mwanamke mwingine, laini, yamegeuzwa kwenye kioo cha duka, na mumewe akichagua.

"Mama, upo? Ni mumeo au ni mwizi?"

"Ni mwizi."

"Basi naifunga kadi kabisa. Lakini kama ni yeye, niambie sasa hivi, maana hataweza hata kujaza petroli ya kurudia nyumbani."

Dirishani, theluji ilikuwa imeanza kuifuta barabara.

"Funga, mwanangu," Marlys akasema.