Hakusema Neno

Risasi ya kwanza ilimpata Torak begani. Hakusema neno. Alizidi kusonga mbele uani kwa Zarghun mchana kweupe, kisu mkononi, midomo kaibana.

"Torak! Sema umefuata nini!"

Kimya. Ya pili ikamfumua tumbo. Akapiga magoti, mkono mmoja umeshika utumbo, mwingine unamnyooshea Zarghun kile kisu. Zarghun akammalizia kwa shoka.

Alasiri baraza la jirga likakaa mbele ya msikiti. Bonde zima lilijaa, chai ikipita mikononi. Nyuma ya ukuta mulla alikuwa akiosha maiti. Wazee wakisema Zarghun alijitetea, atarudi kwake. Wakikataa, nyumba yake inachomwa leo leo, na yeye na wanawe wanahama.

"Nilimwuliza, hakujibu," alisema Zarghun.

"Labda alijibu," akadakia Spin, muuza chai. "Utasikiaje na sikio moja?"

Watu wakaangua kicheko. Sikio la pili Torak ndiye aliyelikata kwa sepeto mwaka jana, wakigombea zamu ya maji ya shamba.

"Cheka tu, bwana. Aliyenikata sikio anaingia kwangu na kisu. Wewe ungempa chai?"

"Na sukari!"

Mzee Baitullah, mkuu wa baraza, akainua mkono. "Angetaka suluhu, njia aliijua. Angekuja na nyasi mdomoni, kama walivyokuja baba zetu, maana yake: mimi ng'ombe wako, nichinje au nisamehe."

"Torak yule ang'ate nyasi?" Spin akatema mate. "Angekula mavi kwanza."

Kondoo akalia. Alikuwa na kamba shingoni. Tangu mchana ule alizurura langoni kwa Zarghun, sasa kawafuata watu hadi msikitini.

"Jamani, kondoo wa nani huyu?"

Hakuna aliyemjua. Mtu akamrushia jiwe.

"Mtu akikujia na kisu, kimya, humsubiri," akakata shauri Baitullah. "Zarghun hana hatia."

Bunduki zikapigwa hewani. Zarghun akakumbatiwa huku na huku. Baba yake Torak akakaa vile vile, kichwa chini.

Ndipo mulla akatoka nyuma ya ukuta, mikono imelowa. Taya za maiti zilikaza, alisema. Ilibidi azipanue kwa kijiko ndipo amwoshe kinywa.

Akafungua kiganja mbele ya wazee. Ndani mlikuwa na nyasi, mbichi bado, zina alama za meno. Kondoo akapenya katikati ya watu, akanyoosha shingo, akaanza kula.